Kokoto Mbichi za Mteremko wa Fizi

Miaka ile, ukisikia tukutuku inakohoa upande wa daraja la Mutambala, hukuuliza ni nani. Alikuwa Bonaventure, muganga wa sindano. Waliosoma walijua kwamba chombo kile huitwa pikipiki, lakini mji mzima wa Baraka, ukingoni mwa ziwa, ulikiita tukutuku, kwa kuwa ndivyo chenyewe kilivyojitaja. Hata mbuzi wa sokoni walijifunza kukipisha kabla ya wenye mbuzi.

Alikuwa Mubembe wa milimani, mtoto wa mkatekista, mtu mrefu mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Misheni ilimfundisha kusoma. Hospitali moja ya mbali ikamfundisha kuchoma sindano, kufunga vidonda, na kupapasa shingo za watu kutafuta tezi za malale. Kisha akaletwa Baraka, kwenye zahanati ndogo nyuma ya soko la samaki, chini ya mkubwa wake aliyeitwa Henri. Kazi ya Henri ilikuwa kukaa. Kazi ya Bonaventure ilikuwa kwenda: Lweba kwenye ukingo wa ziwa, Fizi juu ya mlima, hata Lulimba kwenye mashimo ya dhahabu. Alikwenda kwanza kwa miguu, halafu kwa baiskeli, na mwaka wa hamsini na nne akapewa tukutuku nyeusi.

Aliipenda mno. Kila Jumamosi aliisukuma hadi ziwani akaiosha kama mtu anavyoosha farasi, akiisugua hadi katikati ya spoki za magurudumu. Mkewe Florentine alisimama mlangoni akamtania mbele ya majirani:

"Bamama, muone! Mimi hata siku ya ndoa hakunisugua miguu namna hii."

Bonaventure alicheka, akaendelea kusugua.

Alijua kuipanda kwenye tope. Alijua pia vumbi la kiangazi, lile la njia ya Lulimba linalozamisha gurudumu kama unga. Alianguka, naam, mara nyingi, lakini alianguka kwenye udongo, na udongo humpokea mtu. Kokoto hakuwahi kuzijua.

Kokoto zililetwa kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita. Habari ilitangulia kwamba mkubwa fulani wa serikali atapanda Fizi kwa motokari, naye asitikiswe tumbo. Basi watu wa vijiji wakatolewa kwa lazima kutengeneza njia. Wavuvi walitundika nyavu zao wakaenda kuponda mawe kwa nyundo, na akina mama wakabeba mawe kwa vikapu toka mtoni, watoto mgongoni. Sehemu ya tambarare ilitandazwa changarawe nyekundu. Mlimani, kwenye kona ambazo mvua hula kila mwaka, ilimwagwa lami ya moto, na juu ya lami zikatupwa kokoto za mawe yaliyopondwa.

Ilipasa mashine ya kushindilia ipite juu yake. Mashine ilifika mpaka mguu wa mlima, ikapasuka kitu tumboni, ikabaki hapohapo kando ya njia. Wakubwa wa kazi wakasema haidhuru, malori yatashindilia yenyewe yakipita. Lakini malori yalikuwa machache. Kwa hiyo kokoto za chini zilishika kwenye lami, na za juu zikabaki huru, zimelala tu, zikingoja mtu wa kuzikanyaga.

Kapita, yaani msimamizi, wa kazi ya mlimani alikuwa Casimir, kaka yake Florentine, mtu mnene wa maneno makali na moyo laini. Jioni moja alimkuta shemeji yake akiisifu njia mpya.

"Shemeki, usifurahi mbio," alisema. "Ile balabala haiyaiva. Unajua mahindi makavu ukiyamwaga juu ya sima? Basi kanyaga uone."

"Nitaenda polepole."

"Kupanda, sawa. Kushuka ndiyo mambo. Ukiwa kwenye kona usishike breki ya mbele. Uiache ijitembeze yenyewe. Na mwezi huu, kama si lazima, usiende kabisa."

Bonaventure aliitikia. Hakuwa mtu wa kubisha, na kweli, majuma mawili hakupanda Fizi.

Halafu ikaja asubuhi ya Kulthumu.

Kulthumu alikuwa mke wa mvuvi mmoja wa Lweba aliyeitwa Idi. Alikuwa bado msichana mbichi, mwenye mtoto wa kike wa kunyonya, jina lake Latifa. Alikwenda shambani alfajiri kung'oa muhogo. Moma alikuwa amelala chini ya majani, yule nyoka mnene mvivu ambaye hakimbii hata ukimkaribia. Alimuuma juu ya kifundo cha mguu. Idi alimbeba mkewe mgongoni hadi pwani, akamlaza ndani ya mtumbwi, mama yake mzazi akaingia na Latifa, kisha Idi na nduguye wakapiga kasia hadi Baraka bila kupumzika. Walipomfikisha zahanati, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, unang'aa kama bilinganya.

Henri aliutazama, akafungua kabati, akalifunga.

"Dawa ya nyoka haiko hapa," alisema. "Iko Fizi, kwenye friji ya masere Constance."

Kila mtu chumbani alimgeukia Bonaventure. Hakuna aliyemwamuru. Motokari ya zahanati haikuwepo, na malori ya wafanyabiashara yalikwisha kwenda njia ya Uvira. Bonaventure aliinama karibu na Kulthumu.

"Dada, mi naenda kuleta dawa. We ulale, usitikise mguu. Sitakawia."

Kulthumu alikuwa na fahamu zake zote. Alisema, "Muganga, mutoto bado hajanyonya tangu asubuhi. Nimunyonyeshe ao sumu itamupata?"

Bonaventure hakulijua jibu lake. Alimwambia asimnyonyeshe kwanza, wamtafutie mama mwingine. Baadaye, kati ya mambo yote ya siku ile, hili lilimrudia kuliko mengi: kwamba alimnyima yule mwanamke kumshika mtoto wake kifuani, bila kujua kama kulikuwa na sababu.

Kupanda kulikuwa rahisi kuliko alivyoogopa. Casimir alisema kweli: ukitia moto kidogo, usikaze mikono, ukaacha usukani ucheze kushoto na kulia utakavyo, tukutuku inakwenda. Kokoto zilirukaruka chini ya bati la gurudumu kama ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwenye mafuta. Kwenye kona za juu alipita mbele ya Casimir na watu wake waliokuwa wakifagia kokoto zilizotawanyika, akawapungia kwa kichwa tu, maana mkono hakuthubutu kuuachilia. Alifika Fizi jua likiwa limeshapanda sana. Masere Constance, mtawa Mwafrika aliyeangalia dawa za hospitali, alitoa chupa mbili ndogo za kioo.

"Ndizo zote," alisema. "Daktari aliagiza nyingine, bado hazijafika. Utaziweka wapi?"

Hapo walishauriana. Mfuko wa nyuma wa tukutuku ulikuwa juu ya gurudumu, ungezitikisa sana. Basi mtawa alizifunga kwa pamba nyingi na kitambaa, na Bonaventure akaziweka kifuani ndani ya koti, akafunga vifungo hadi shingoni. Wote wawili waliona hapo ndipo mahali salama. Masere akamfanyia ishara ya msalaba mgongoni alipokuwa akiondoka.

Jua sasa lilikuwa utosini, na lami chini ya kokoto ilianza kulainika na kunuka. Kona ya kwanza aliipita vizuri. Ya pili pia. Alipunguza moto wa injini, akaiacha gia ndogo imzuie, hakugusa breki ya mbele. Miguu yake ilikuwa imeshuka pande zote mbili kama ya mtu apandaye punda. Akawaza juu ya mguu wa Kulthumu, ulikuwa umefika wapi sasa, gotini au pajani. Akaongeza mwendo kidogo. Si sana. Watu waliokuwepo walisema baadaye kwamba hakuwa anakimbia.

Kwenye ile kona ambapo watu wa Casimir walikuwa wakifagia, mama mmoja mwenye kikapu cha mawe kichwani alikatiza njia. Hakuisikia tukutuku kwa sababu injini, ikishuka kwa moto mdogo, ilikuwa ikinong'ona tu. Bonaventure alimwona, na mkono wake, ule mkono uliokwisha kuonywa, ulishika breki ya mbele kabla hajawaza.

Gurudumu la mbele liliondoka kana kwamba limevutwa kwa kamba. Halikuzunguka tena, liliteleza tu juu ya mawe yale, na yeye akaenda pamoja nalo, kifua chini, mpaka ukingoni. Mama wa kikapu hakuguswa. Casimir alikuja mbio akimwita jina. Alimkuta Bonaventure amekaa kitako, viganja vimechunika, goti limefunguka, na hatazami hata kimoja cha hivyo. Alikuwa akifungua vifungo vya koti polepole sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye maiti.

Pamba ilikuwa imelowa. Harufu ya dawa ilitoka hadi Casimir akaisikia. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vipande vya kioo, na katika kimoja, chini kabisa, tone la maji ya manjano.

"Nipe kikombe," Bonaventure alisema. "Shemeki, nipe kikombe, safi."

Wakampa kikombe cha bati cha kunywea maji. Akaikamua pamba. Yalitoka matone machache, mekundu kwa damu ya viganja vyake mwenyewe, na ndani yake chembe za kioo na vumbi la mawe. Aliyatazama matone yale. Kisha akamwaga.

"Rudi Fizi, uombe nyingine," Casimir alisema.

"Haiko nyingine."

Uma wa mbele wa tukutuku ulikuwa umepinda, gurudumu haligeuki. Casimir alitaka wamkalishe, wamfunge goti, wangoje lori lolote. Bonaventure akasimama.

"Bananingojea," alisema, akaanza kushuka kwa miguu.

Hakuna aliyepata kujua aliwaza nini njiani. Alipofika Baraka jua lilikuwa linainama upande wa milima. Watoto wa sokoni ndio waliomwona kwanza, wakakimbia mbele yake wakipiga kelele kwamba muganga amerudi. Idi alitoka nje ya zahanati mikono juu.

"Al-hamdulillahi! Dawa imefika! Mama, dawa imefika!" Aliona damu ya suruali, akaja akamshika Bonaventure kiunoni kumsaidia, akilia na kucheka pamoja. "Muganga, umejivunja kwa ajili yetu. Umejivunja."

Bonaventure alifungua mdomo. Idi alikwisha kumvuta mlangoni. Aliingizwa ndani akishikiliwa namna ile, kama bwana arusi.

Uvimbe ulikuwa umevuka paja. Ufizi wa Kulthumu ulikuwa ukitoka damu, na macho yake yalikuwa yamezama, lakini alimtambua. Henri alimvuta Bonaventure kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Iko wapi?"

Bonaventure akamwonyesha kitambaa.

Henri alikuwa mtu mzima, amezika wagonjwa wengi. Hakumlaumu. Alichukua bomba la sindano, akavuta maji ya chumvi kutoka kwenye chupa ya kuoshea vidonda.

"Umuchome hii."

"Hii ni maji."

"Najua ni maji. Unasikia bale batu kule inje? Bamengoja tangu asubuhi. Mwanamuke anakufa, Bonaventure. Na chupa mbili zile, kwa uvimbe ule, labda angekufa vilevile. Unataka afe akijua hakupata kitu? Unataka bwana yake abaki na nini?"

"Ni uongo."

"Ni uongo," Henri alikubali. "Uchukue."

Akauchukua. Mbele ya Idi, mbele ya mama yake Idi aliyekuwa amemshika Latifa, alimchoma Kulthumu maji ya chumvi kwenye mkono kwa viganja vilivyokuwa bado vinatoka damu. Kulthumu alisema, kwa sauti ya chini, "Asante, kaka." Akafumba macho akiwa na uso wa mtu aliyefika nyumbani.

Alikufa kesho yake, kabla ya sala ya adhuhuri. Walimrudisha Lweba kwa mtumbwi uleule.

Mkubwa wa serikali alipita baadaye kwa motokari nyeusi, akalala Fizi, akarudi. Malori yakazidi. Mvua za kwanza zikazisukuma kokoto legelege mitaroni, nyingine zikazama kwenye lami, na mwisho wa mwaka ile njia ikawa ngumu kama sakafu, baiskeli zikishuka kwa mkono mmoja. Watu waliisifu. Bonaventure alitengenezewa tukutuku yake, akaipanda kama kazi ilivyomtaka, lakini hakuiosha tena. Ilibaki na tope lake hadi Florentine akachukua ndoo mwenyewe.

Kilichommaliza hakikuwa kifo. Kilikuwa Idi.

Idi alikuja arobaini ya marehemu ilipokwisha, na kikapu cha mikeke, samaki wa ziwani, waliobanikwa vizuri. Akaja tena baada ya mfungo, na ndagala. Alikaa barazani na mtoto Latifa mapajani, akawasimulia wapita njia: "Huyu ndiye alishuka mulima kwa damu yake. Mungu alikataa, lakini huyu hakukataa." Alimfundisha mtoto kumwita Bonaventure baba. Bonaventure aliwapokea, akawapa viti, na walipoondoka aliingia ndani akalala kifudifudi, mchana kweupe. Samaki wale hakuweza kuwatia mdomoni. Florentine alidhani ni huzuni tu ya muganga aliyepoteza mgonjwa, maana hata yeye hakuambiwa habari ya maji ya chumvi.

Karibu mwaka ulipita hivyo. Aliyeufichua uongo ule alikuwa Casimir, tena kwa wema. Siku ya soko alimkuta Idi akimsifu Bonaventure kwa mara ya mia, naye akataka kuongeza sifa.

"Hata mi niliona," alisema. "Chupa zimevunjika zote kifuani, yeye bado anakamua pamba na mikono yenye vidonda. Muntu gani angefanya vile?"

Idi aliuliza, polepole, chupa zipi. Casimir akatambua kwamba mwenzake hakuwa akijua, lakini neno likitoka halirudi.

Idi hakuja na kikapu siku ile. Alimkuta Bonaventure nyuma ya zahanati akichemsha sindano, akasimama upande wa pili wa moto.

"Muganga. Ile sindano ulimuchoma bibi yangu. Ilikuwa nini?"

Bonaventure hakutafuta maneno. "Maji ya chumvi."

"Dawa ilivunjika."

"Ilivunjika. Nilianguka."

Maji yalichemka kati yao. Bonaventure alitamani apigwe. Baadaye alimwambia Florentine kwamba angeshukuru kama Idi angeliokota lile sufuria akammwagia.

Idi aliketi chini kwenye vumbi. "Kuanguka si kitu," alisema. "Muntu anaanguka. Lakini mi nilikuwa nalala, unaelewa? Usiku nilikuwa nalala. Namwambia mutoto, mama yako alipewa dawa yote iliyokuwako, Mungu tu alimutaka. Namwambia hivyo, nami nalala. Sasa nitamwambia nini?"

"Idi, ndugu yangu…"

"Kama ulinidanganya, ungenidanganya hadi mwisho. Ao ungeniambia siku ile, nami nimuage vizuri. Hakuniaga, unajua? Alijua atapona. Nilimwambia alale, tutaongea kesho."

Akainuka, akapangusa vumbi, akaondoka. Hakupaza sauti hata mara moja.

Juma lile Bonaventure alipeleka tukutuku kwa Henri, akaiegemeza ukutani, akaaga. Henri alimsihi. Alimwambia kazi ya uganga ndivyo ilivyo, kila mmoja ana kaburi lake. Bonaventure alisema, "Ninyi muna nguvu," akatoka.

Walipanda kwenda kwa baba yake milimani, yeye na Florentine, wakalima muhogo na maharagwe. Habari kwamba kuna muganga wa sindano kijijini zilienea, wagonjwa wakaja. Mama mmoja alileta mtoto mwenye jipu la shavuni, jambo ambalo Bonaventure angelimaliza kwa wembe uliochemshwa na dakika chache. Alilitazama, akaficha mikono kwapani.

"Mushuke naye Fizi," alisema. "Mi si muganga."

"Baba, ni mbali, na homa imepanda."

"Mushuke naye."

Florentine alimlilia siku ile. Alimwambia kwamba hii si toba, hii ni kuua watu wengine juu ya yule mmoja. Alimjibu kwamba anajua, na kwamba kujua hakumsaidii. Tangu hapo alizoea kukaa nje baada ya chakula cha mchana akitazama ziwa lilivyo chini kabisa, jeupe, hadi kivuli kimfikie. Mwaka wa hamsini na tisa Florentine alirudi kwa kaka yake Baraka. Hakumkimbia mume. Alisema tu kwamba ameshindwa kuishi na mtu ambaye hayupo, na kwamba mumewe akirudi, atamkuta anamngoja. Bonaventure hakurudi.

Mara moja tu Bonaventure alishuka hadi Lweba. Alikwenda kwa miguu, akauliza nyumba ya Idi. Aliambiwa Idi aliuza nyavu zake, akavuka ziwa na mtoto, wengine wakisema Kigoma, wengine wakisema mbele zaidi. Nyumbani humo alikuwa akikaa mtu mwingine, naye alimkaribisha maji. Bonaventure aliyanywa akiwa amesimama, akashukuru, akauliza kama mtoto alikuwa mzima alipoondoka.

"Sijui, baba," mwenye nyumba alisema. "Mi nilikuta bamekwisha kwenda."